Neno "light" la Kiingereza: nuru na wepesi havikuzaliwa tumbo moja

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila anayejifunza Kiingereza hufika mahali akajiuliza: inakuwaje neno moja, "light", liwe nuru na papo hapo liwe wepesi? Jibu linalozagaa ni kwamba mwanga hauna uzito, ndiyo maana Waingereza wakaviita vyote jina moja. Ni jibu tamu masikioni, lakini si kweli, na linaniuma kwa sababu linaziba habari nzuri kulishinda. Habari yenyewe ni ndefu, na mwisho wake unaingia hadi ndani ya Kiswahili chetu, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

"Light" ya nuru na "light" ya wepesi ni maneno mawili. Hayakutoka kwenye mzizi mmoja wala hayakuanza na sauti zilezile. Yalichakaa vinywani mwa wasemaji kwa karne nyingi, sauti hii ikidondoka huku, nyingine ikilegea kule, hadi yakaishia kwenye umbo moja. Sisi wenyewe tuna kaa wa baharini, kaa la moto, na "kaa hapa". Hakuna anayejisumbua kutafuta moto ndani ya mnyama wa baharini eti kwa sababu majina yamefanana. Kwa "light" watu wanasumbuka kwa sababu tu maana mbili zimetokea kupendeza zikikaa pamoja.

Nianze na ya nuru. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa Uingereza kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066, neno hili liliandikwa "lēoht". Ile h ya katikati haikuwa pambo. Ilitamkwa kwa kukwaruza, karibu na kh tunayoisikia kwa wanaotamka "Khamis" kwa lafudhi ya Kiarabu. Mjerumani bado anaitamka kwa namna yake kwenye "Licht", Mholanzi kwenye "licht". Wagothi, watu wa kale wa Ulaya ambao Biblia yao ilitafsiriwa katika karne ya 4, waliandika "liuhath". Ukiyapanga maneno haya pamoja unaona ni ndugu wa nyumba moja, nyumba ya lugha za Kijerumaniki.

Sasa toka nje ya nyumba hiyo uangalie mtaa mzima. Kilatini kina "lux" na "lumen", vyote nuru, na "luna", mwezi. Kigiriki kina "leukos", yaani -eupe, na huko ndiko lilikotoka jina la ugonjwa wa lukemia, ambao chembe nyeupe za damu huzidi mno. Kiarmenia kina "luys", nuru. Kirusi kina "luch", mwale. Kihiti, lugha iliyoandikwa kwenye mabamba ya udongo huko Anatolia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kina "lukk-", kupambazuka. Kisanskriti kinasema "rocate", inang'aa. Ukilinganisha yote haya kwa utaratibu unapata mzizi ambao wanaisimu huuandika "leuk-", wenye maana ya kung'aa au kuwa cheupe. Hakuna jiwe lililopatikana likiwa na mzizi huo. Umejengwa upya kutokana na watoto wake, na ushahidi wa watoto hao ni mkubwa.

Hapa kuna mtu atasema: mbona Kilatini kina k (hiyo x ni k na s) halafu Kiingereza cha Kale kina h? Swali zuri, na jibu lake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sauti hazibadiliki ovyo. Zikibadilika katika lugha, hubadilika kwa mpango, neno baada ya neno. Nane kwa Kilatini ni "octo" (ndiyo iliyotupa Oktoba, mwezi wa 8 katika kalenda ya kale ya Warumi), kwa Kijerumani ni "acht", kwa Kiingereza "eight". Usiku ni "noct-", "Nacht", "night". Nyoofu au sahihi ni "rect-", "recht", "right". Nuru ni "luc-", "Licht", "light". Palipo na k kwa Mrumi, Mjerumani ana ch, na Mwingereza ana gh aliyoiua mdomoni akaibakiza kwenye karatasi. Mdenmark Rasmus Rask aliliandika jambo hili mwaka 1818, na Mjerumani Jacob Grimm akalipanga kuwa kanuni mwaka 1822. Kuanzia hapo kutafuta asili ya maneno kukaacha kuwa kazi ya kubahatisha.

Tuje kwa "light" ya wepesi. Kilatini kinasema "levis", Kisanskriti "laghu", Kirusi "lyogkiy", Kilithuania "lengvas", vyote -epesi. Itazame hiyo ya Kilithuania vizuri: ina n katikati. Hiyo n ni ya zamani sana, na hata neno la Kijerumaniki liliwahi kuwa nayo: "linhtaz". Lakini watu wale walikuwa na tabia ya kuimeza n inapotangulia h. Ndiyo maana "think" ina n lakini "thought" haina, "bring" ina n lakini "brought" haina. N ikamezwa, irabu ikarefuka, na katika lahaja ya Saxon ya Magharibi, mojawapo ya lahaja za Kiingereza cha Kale, neno la wepesi likawa "lēoht", sawasawa na lile la nuru. Kwa hiyo mgongano ulitokea zamani mno, hata kabla ya huo mwaka 1066.

Mjerumani hakupata ajali hiyo. Kwake nuru ni "Licht" na wepesi ni "leicht". Wagothi nao walitenganisha: "liuhath" na "leihts". Kama maana hizi mbili zingekuwa zimetoka kwenye wazo moja la "mwanga hauna uzito", tungeona dalili ya wazo hilo huko kwa ndugu. Haipo.

Kuna ndugu mwingine wa "light" ya wepesi ambaye wengi hawamjui: "lung", pafu. Mapafu ni kiungo chepesi, ukikiweka kwenye maji kinaelea. Mrusi naye pafu analiita "lyogkoye", yaani "kile chepesi". Na Kiingereza chenyewe kina neno "lights" lenye maana ya mapafu ya mnyama yanayouzwa kama nyama.

Naomba michango, hasa kwa wenye maswali magumu.

#2 · Mwanafunzi wa Lugha

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu ni hizo gh. Umesema ameziua mdomoni akazibakiza kwenye karatasi. Alianzaje kuziandika na kwa nini hakuzifuta?

#3 · Mleta uzi

Asante ndugu. Sauti ile ya kukwaruza ilikuwa ikiandikwa h tu. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza, waandishi wengi walikuwa wamefundishwa desturi za Kifaransa, na kwa muda kukawa na vurugu: wengine waliandika kwa herufi ya zamani iliyofanana na 3, inaitwa "yogh", wengine wakaandika gh. Hiyo gh ndiyo iliyoshinda, na wakati ule ilikuwa inatamkwa kweli. Mtu wa karne ya 14 alisema kitu kama "likht", i fupi.

Halafu mambo mawili yakafuatana. Kwanza, sauti ya kukwaruza ikaanza kufifia kusini mwa Uingereza, na i iliyokuwa kabla yake ikarefuka kufidia nafasi, ikawa "liit". Pili, irabu ndefu zote za Kiingereza zikahama, kwenye badiliko kubwa lililoanza karibu mwaka 1400 na kuendelea kwa karne mbili tatu. I ndefu ikawa "ai". Ndiyo maana leo tunasikia "lait".

Katikati ya mchakato huo William Caxton akafungua kiwanda cha kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476. Vitabu vikaanza kusambaa vikiwa na tahajia ya zamani huku midomo ikiendelea kubadilika. Tahajia ikaganda. Watu hudhani Kiingereza kinaandikwa kwa wendawazimu. Mimi naona kinahifadhi. Herufi zile ni rekodi ya matamshi ya watu wa zamani. Ukimsikiliza Mskoti anayezungumza Kiskoti halisi atakuambia "licht", "nicht", "bricht", na kh yake utaisikia.

Kwenye maneno mengine sauti hiyo haikufa, iligeuka f: "laugh", "cough", "enough". Kwa nini f huku na kimya kule inategemea irabu iliyotangulia na lahaja iliyoshinda. Hilo lina uzi wake.

#4 · Mwalimu wa Fizikia

Mleta uzi nakuheshimu ila sijaridhika. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haina masi. Mwanga kweli hauna uzito kwa maana ya kawaida. Na watu wa kale walikuwa wanatazama: moshi unapanda, moto unapanda, kitu chenye kung'aa kinaelekea juu. Haiwezekani kwamba waliona uhusiano huo na ndiyo ukaleta jina moja? Sauti zinaweza kupotea, mawazo yanabaki.

#5 · Mleta uzi

Mwalimu, hoja yako ni ya heshima na inastahili jibu kamili.

Kwenye fizikia hatubishani. Ila angalia tarehe. Neno "photon" lilienea baada ya Gilbert Lewis kulitumia mwaka 1926. Wazo kwamba chembe ya nuru haina masi ni la karne ya 20. Neno "lēoht" lina zaidi ya miaka 1,000 katika maandishi. Utaalamu wa karne ya 20 hauwezi kuzaa jina lililotangulia kwa muda wote huo.

Unaweza kusema watu wa kale walihisi hivyo bila fizikia. Sawa, na hapo ndipo ushahidi wa lugha dada unapoamua. Kama hisia hiyo ndiyo iliyozaa neno, basi tungekuta maumbo ya zamani yakifanana ZAIDI kadiri tunavyorudi nyuma. Tunakuta kinyume chake. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo yanavyoachana. Leo: "light" na "light". Kijerumani cha leo: "Licht" na "leicht". Kigothi cha karne ya 4: "liuhath" na "leihts". Kilatini: "lux" na "levis". Mizizi yenyewe: "leuk-" na "lengwh-". Maneno yenye asili moja huachana kadiri muda unavyosogea mbele. Haya yanasogeleana. Hiyo ni alama ya wageni waliokutana njiani.

Hilo halizuii mshairi kuzichezea maana zote mbili kwenye mstari mmoja, na washairi wa Kiingereza wamefanya hivyo mara nyingi. Ila kucheza na neno ni kitu kimoja, na kudai ndiko lilikozaliwa ni kingine.

#6 · Mzee wa Kamusi

Naunga mkono. Na niongeze mtego mwingine: "delight", furaha. Nimewahi kusikia mahubiri mazima yakijengwa kwamba ni "de" na "light", kwamba furaha ni nuru itokayo kwa Mungu. Hebu mleta uzi liweke sawa.

#7 · Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. "Delight" ilitoka Kifaransa cha Kale, "delit", nacho kiliitoa kwa Kilatini "delectare", kupendeza na kuvutia. Kwa karne kadhaa Waingereza waliandika "delit" au "delite", bila gh yoyote. Katika karne ya 16 waandishi wakaona linaimbiana na "light" na "right", wakalibandika gh kwa kuiga. Kwa hiyo gh ya "light" ni kumbukumbu ya sauti iliyokuwepo, na gh ya "delight" haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote tangu dunia iumbwe. Umbo la asili unaliona bado kwenye "delectable".

Mahubiri yanaweza kuwa mazuri kwa sababu nyingine. Neno halibebi hoja hiyo.

#8 · Msomaji Kimya

Mimi huwa nasoma tu sichangii, ila hapa nimeguswa. Ulisema mwanzo kwamba habari hii inafika hadi Kiswahili. Nimesoma hadi hapa sijaona. Au ulikuwa unamaanisha "nuru"? Maana nimesikia watu wakidai "nuru" na "luna" ni kitu kimoja, n na l zimebadilishana tu.

#9 · Mleta uzi

Karibu sana, na umefanya vizuri kunikumbusha.

Kwanza "nuru". Hilo ni la Kiarabu, mzizi wake ni n-w-r, na ndugu zake tunao nyumbani: "nawiri" na "mnara" ni wa mzizi huohuo. Mnara, kwa Kiarabu "manāra", kwa asili ni mahali pa kutolea nuru. Kwa Kiarabu chenyewe moto ni "nār". Waebrania nao wana "ner", taa, na "menora", kinara cha taa. Hiyo ni familia ya Kisemiti, haina undugu na "lux" wala "luna". Kubadilisha herufi mbili ili maneno yakutane ni rahisi mno. Ukiruhusu hivyo, kila neno duniani litakuwa ndugu wa kila neno. Ndiyo sababu niliileta ile safu ya nane, usiku, nyoofu, nuru. Undugu hudaiwa kwa safu nzima, haudaiwi kwa neno moja.

Na "mwanga"? Hilo ni letu, pamoja na "angaza", "angavu", "mwangaza". Kumbukeni pia kwamba Kiswahili kina "mwanga" mwingine, yule mchawi wa usiku, wingi wake "wanga". Nuru na mtu wa gizani, umbo moja. Ni kisa kilekile cha "light".

Sasa kwenye lile nililoahidi. Mzizi "leuk-" ulipoingia kwenye tawi la Uajemi na India, l iligeuka r. Wabantu hatuna sababu ya kushangaa, sauti hizo mbili zinatuchanganya na sisi kila siku. Basi Mwajemi wa kale akawa na "raucah", neno lililochongwa kwenye maandishi ya Mfalme Dario kwenye mwamba wa Bisotun karibu miaka 2,500 iliyopita, likimaanisha siku, mchana. Leo Mwajemi anasema "rōz" au "ruz", siku. Mwaka mpya wa Kiajemi ni "Nowruz": siku mpya. Na Waswahili tulilipokea neno hilo tukaliita NAIRUZI.

Yaani ile "ruzi" ya mwisho wa Nairuzi na "light" ya Kiingereza ni watoto wa mzizi mmoja. Mmoja alipita kwenye misitu ya Ulaya ya kaskazini akaishia na gh isiyotamkwa, mwingine akapita Uajemi na kuvuka bahari hadi pwani yetu. Ukiyatazama kwa macho huoni herufi inayofanana zaidi ya i peke yake. Na bado ni ndugu wa damu, wakati "light" na "light" zinazofanana herufi zote tano si ndugu hata kidogo. Hapo ndipo ninapowaomba wote wapatazame kwa makini, maana ndicho kiini cha uzi huu.

Kuna na la pili: ROSHANI. Tunamaanisha kile kibaraza cha ghorofani. Neno limetoka Uajemi, ambako "rowshan" ni -angavu, yenye nuru. Roshani ni mahali nyumba inapofunguka mwanga uingie. Nalo ni la ukoo wa "leuk-".

Taa zetu nazo zina safari zake, ingawa si za ukoo huu. "Kandili" ni Kiarabu "qindīl", kilichopokea kutoka Kigiriki, kilichopokea kutoka Kilatini "candela", mshumaa, kutoka "candere", kung'aa kwa weupe. Kwa hiyo kandili na "candle" ni neno moja lililozunguka Bahari ya Mediterania kwa pande mbili. "Fanusi" nayo ni Kiarabu "fānūs" kutoka Kigiriki "phanos", mwenge, na hapo umeshaingia kwenye ukoo wa "phōs", nuru, uliozaa "photo" na hiyo fotoni ya Mwalimu.

#10 · Msomaji Kimya

Nairuzi! Nimelitumia neno hili tangu utoto. Mkuu ubarikiwe.

#11 · Binti Bandari

Ninyi wote mmezungumzia taa na mwezi, mimi nina swali la kazini. Kwenye nyaraka za meli tishari linaandikwa "lighter". Na kiberiti cha gesi nacho ni "lighter". Hayo nayo?

#12 · Mleta uzi

Dada, huo ni mfano bora kuliko yote niliyoleta mimi. Kiberiti cha gesi ni "lighter" ya nuru: kiwashio. Tishari ni "lighter" ya wepesi: chombo kinachopokea shehena kutoka kwenye meli kubwa ili ipungue uzito, iweze kusogea kwenye maji mafupi. Maneno mawili yaliyogongana miaka zaidi ya 1,000 iliyopita yamezaa watoto, na watoto nao wakagongana.

Ongeza "alight". Kushuka kutoka kwenye gari au farasi ni "alight" ya wepesi, kwa kuwa ukishuka unampunguzia mnyama mzigo. Lakini kitu kinachowaka moto nacho ni "alight", na hiyo ni ya nuru.

#13 · Mtafsiri

Sisi tunaotafsiri tunahitaji kanuni ya vitendo. Nikikutana na "light" nitajuaje ni ipi? Muktadha unasaidia mara nyingi, lakini si mara zote. "Light blue" kwa mfano: nimeona watu wakiiandika "bluu nyepesi".

#14 · Mleta uzi

"Light blue" ni ya nuru, yaani bluu iliyo karibu na weupe. Kwa hiyo bluu mpauko, au bluu isiyokolea. "Light green", "light skin", "a light room", zote ni za upande huo. Kinyume chake ni "dark", na hiyo ndiyo kanuni yangu: jaribu kuweka kinyume. Kama kinyume ni "dark", uko kwenye nuru. Kama kinyume ni "heavy", uko kwenye wepesi. "Light rain" kinyume chake ni "heavy rain", basi ni wepesi: mvua ya rasharasha. "Light sleep", usingizi wa mang'amung'amu, ni wepesi. "Light meal" vilevile. "Light-fingered", mtu mwenye mkono mwepesi wa kudokoa, wepesi.

Biblia inayo yote mawili, na tafsiri ya Kiswahili haikukanganyikiwa. Mwanzo 1:3, "Iwe nuru, ikawa nuru". Mathayo 11:30, "na mzigo wangu ni mwepesi". Kiingereza cha mwaka 1611 kina "light" sehemu zote mbili. Waliotafsiri kwa Kiswahili walilazimika kuchagua, na walichagua sawasawa.

Kiingereza cha leo, hasa cha matangazo, kimeanza kutenganisha chenyewe: "lite" huandikwa kwa chakula au kinywaji kilichopunguzwa kitu fulani, au kwa programu iliyopunguzwa vitu, na hiyo ni ya wepesi daima.

#15 · Shabiki wa Mpira

Uzi mzuri ila mzito. Mleta uzi hebu tupe na sisi wa mpira chochote.

#16 · Mleta uzi

Kipo, tena kikubwa: WEMBLEY.

Ile "-ley" mwishoni ni Kiingereza cha Kale "lēah", uwazi katikati ya msitu, mahali miti ilipokatwa na jua likaingia. Neno hilo nalo ni la mzizi "leuk-". Wembley ni uwazi wa mtu aliyeitwa Wemba. Burnley, Barnsley, Finchley, zote zina "-ley" hiyohiyo. Uholanzi na Ubelgiji wana "loo", na ndiyo unayoikuta kwenye Waterloo.

Warumi walikuwa na "lucus", kijisitu kitakatifu, na wasomi wao walibishana kama kweli kimetokana na "lucere", kung'aa, maana kichakani kuna giza. Hoja hiyo ikawa mfano wa kuchekwa kwa karne nyingi kila mtu alipotaka kuonyesha asili ya neno isiyo na akili. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba "lucus" na "lucere" ni ndugu kweli: kwanza lilikuwa jina la uwazi wenye mwanga, kisha likahamia kwenye miti inayouzunguka.

#17 · Mwalimu wa Fizikia

Nimerudi. Ile hoja ya maumbo kusogeleana badala ya kuachana nimeitafakari, ina nguvu. Sasa nisaidie na hili: wanafunzi wangu wanaandika "lightening" wanapotaka kusema umeme wa radi. Ni kosa au ni umbo la zamani?

#18 · Mleta uzi

Ni vyote viwili, Mwalimu. Neno lilianza kama "lightening", kutokana na kitenzi "lighten" chenye maana ya kuangaza, kumulika. E ya katikati ikamezwa kwenye matamshi, na umbo fupi "lightning" likatengwa kwa ajili ya radi peke yake. "Lightening" yenye e ikabaki kuwa tendo: kuongeza mwanga, au kupunguza uzito, maana vile vitenzi viwili navyo vimefanana, "lighten" ya nuru na "lighten" ya wepesi. Kwa mtihani wa leo, radi haina e.